Bafu la Vyuma

Vijana wa Tunduma wa leo hujisifu kwamba mji wao una baridi, nami huwacheka. Baridi yao ni ya kuvaa jaketi la mtumba na kupigwa picha. Sisi tulioshika spana pale mpakani miaka ya tisini, kabla Songwe haijaitwa mkoa, tuliijua baridi ya mwezi wa sita inayovuka na upepo kutoka upande wa Zambia bila kugongewa muhuri na mtu, inapita chini ya lori na kukukuta umelala chali juu ya boksi. Ilianza na vidole. Spana ilinata kiganjani, na nati ikikuponyoka hukuhisi chochote, ulisikia tu imelia sakafuni.

Ndiyo maana kila fundi alikuwa na jiko la mkaa. Ulifika kazini asubuhi, kabla hujafungua hata boneti unawasha mkaa, unaota mikono, halafu ndiyo unasalimiana na watu vizuri. Na kila fundi alikuwa na karai la petroli, kwa sababu injini ikifunguliwa lazima vyuma vyake vioshwe, na sisi kitu tulichokijua cha kuoshea kilikuwa petroli. Karai na jiko vilikaa chumba kimoja. Ungetuuliza tungekujibu kwa kujiamini kabisa kwamba jiko liko mbali, na mbali maana yake ilikuwa mlangoni. Hatukuwa watu wa kuvuta sigara juu ya karai. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba petroli ina mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa, unaoteremka kutoka kwenye karai na kutambaa sakafuni mpaka uukute mkaa.

Wa kwangu uliukuta asubuhi moja ya baridi kali. Nilikuwa nimechutama, nimeligeuzia jiko mgongo, mikono yote miwili imo ndani ya karai. Nilisikia sauti kama ya shuka linalokung'utwa, na mbele yangu kila kitu kikawa moto. Mke wangu alikuwa nje akipanga sahani zake. Alivuta gunia lililolowa, lile alilokuwa analiweka chini ya ndoo za maji, akaingia nalo na kunizungushia mikono, akanibana kifuani mwake hivyo hivyo mpaka moto ukazimika. Mengine ya asubuhi ile sina haja ya kuyaeleza.

Nilikaa hospitali muda mrefu. Ngozi ilirudi polepole, ikabaki na mng'ao na mikunjo midogo midogo, kama nailoni iliyosogezwa karibu na taa. Siku ya kuniruhusu, daktari alinikunja vidole kimoja kimoja, akavinyoosha, akasema vimepona na sasa vitafutiwe kazi. Visipotumika, alisema, vitakakamaa vikiwa vimekunjwa, na vitabaki hivyo maisha yangu yote. Maneno hayo aliyasema akimtazama mke wangu, nadhani alishaona kuwa kwangu mimi hayakai.

Maana vidole ndiyo vilikuwa vimepona, lakini mimi niliogopa moto. Sisemi niliuheshimu au niliuepuka, nasema niliuogopa. Mtu akiwasha kiberiti nilihama chumba. Nyumbani nilihamisha kiti changu kutoka karibu na jikoni nikakiweka kwenye ua, kwenye upepo, na huko nilishinda nimeificha mikono kwapani kana kwamba kuna mtu anataka kuichukua. Mke wangu alinilisha kwa kijiko. Vidole vingeweza kushika kijiko, nililijua hilo, ila nilikuwa nimevikatia tamaa, nikaona na vyenyewe vimenikatia tamaa mimi.

Banda langu la kazi lilikuwa nyuma ya nyumba yetu, na mbele, upande wa barabara, mke wangu alikuwa na biashara yake ya chakula. Yeye ni Mnamwanga mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka, na madereva waliosubiri kwenye foleni walimpenda kwa sababu aliweza kuwatania kwa lugha zao. Zaidi ya hapo walipenda mboga zake. Alichoma makapi ya maharage, akachuja maji kwenye majivu yake kwa kopo lenye matundu, na kwa maji yale ya majivu akapika majani ya maboga na karanga hadi yakalainika kama siagi. Mboga hizo zilipikwa kwenye chungu kimoja tu, chungu cha Wakisi kilichotoka huko Ziwa Nyasa, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Sufuria zake za alumini zilikuwa za wali na nyama. Mimi sikuwahi kuuliza kwa nini, niliyahesabu kuwa mambo ya jikoni.

Siku moja nilimwambia nimeamua. Sanduku la spana liuzwe, twende Ihanda kwa kaka yangu tukalime kahawa.

"Kwa nini kahawa?" aliuliza.

"Kwenye kahawa hakuna moto."

"Na mikono ya kuchumia hiyo kahawa utaazima kwa nani?"

Nikanuna. Alikuwa anaosha sahani za mchana, amechutama mbele ya beseni la maji ya moto, na ghafla akanyanyua sahani moja iliyokuwa imeganda mafuta ya nyama, akaizamisha, akaitoa, akanionyesha. Ilikuwa nyeupe.

"Hii nimeitia petroli?"

"Sahani ni sahani," nilisema. "Grisi ya injini si mchuzi."

"Grisi yako ina ukoo gani usiotoka kwa maji ya moto na sabuni?"

Nilimweleza kwa ukali kwamba chuma kikiingia maji kinapata kutu. Akasema kikitoka kwenye maji ya moto kitajikausha chenyewe, kisha kipakwe mafuta. Nikasema maji ya moto yanapoa. Akasema basi yawe na moto chini yake muda wote. Hapo nikasimama, nikasema katika banda lile hautaingia moto mwingine nikiwa hai. Akaendelea kuosha sahani zake. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Si lazima uingie. Ukuta una upande wa nje pia."

Huyo ndiye mwanamke niliyemuoa. Hakubishana nami tena. Keshokutwa yake nilikuta pipa uani.

Nilikaa kwenye kiti changu nikalitazama lile pipa kwa chuki, lakini kuna mambo fundi hawezi kuyanyamazia. "Hilo lilibeba nini?" niliuliza. Akasema hajui, pipa ni pipa. Niliinuka nikaenda kulinusa mwenyewe. Pipa la petroli au dizeli hata likiwa tupu bado limejaa mvuke, na kuna mtu ninayemfahamu aliyekata la kwake kwa moto wa gesi, hakumaliza mkato. Lile lilinuka petroli mpaka kwenye koo. Nilimrudisha nalo. Alileta lingine, nikanusa, lilikuwa la mafuta ya kula. Hata hilo nilisema lisuuzwe kwa sabuni na likatwe kwa tindo na nyundo, bila cheche. Kelele ya kulikata ilisikika mpaka kwenye geti la forodha. Likawa nusu mbili, kama boga lililopasuliwa.

Mpango ulikuwa wake, namna ya kuutekeleza ilikuwa yangu, na bila kutaka nikajikuta nimeajiriwa kama mdomo. Nusu moja ingekaa nje, nyuma ya ukuta wa banda, juu ya jiko la matofali. Nusu ya pili ingekaa ndani, juu ya matofali vilevile, ila chini yake pasiwe na kitu. Mabomba mawili ya chuma yangepita kwenye ukuta na kuziunganisha. Maji yakipata moto kule nje hupanda juu, huingia ndani kwa bomba la juu. Yakipoa ndani hushuka, hurudi nje kwa bomba la chini. Yatazunguka yenyewe bila pampu wala mtu. Moto ungebaki kwake, nje, na vyuma vingebaki kwangu, ndani.

Kuchomelea mabomba ilibidi kufanyike kwa jirani yetu mwenye mashine ya kuchomelea, ng'ambo ya barabara. Mimi cheche zile sikuweza kuzisogelea. Nilisimama upande wetu wa barabara, malori yakipita katikati, nikawa natoa maelekezo kwa kupaza sauti, mke wangu akimpelekea jirani kwa maneno yake mwenyewe. Lori likipita nasubiri, likiisha kupita naanza upya. Watu walisimama kututazama. Jirani akapata wazo la kuliziba pipa la nje juu kabisa, ili lipate moto haraka.

"Ukiliziba umetengeneza bomu!" nilipiga kelele.

"Kaka anasemaje?" jirani alimuuliza mke wangu.

"Anasema mvuke uachiwe njia," alisema mke wangu, na huo ulikuwa ufupisho mzuri kuliko maneno yangu yote. Kwa hiyo pipa la nje lilibaki wazi, na la ndani likawekewa mfuniko wa mbao tu, mwepesi, usio na komeo. Kati ya mapipa hatukuweka koki, ili asitokee mtu akaifunga na maji yakakosa pa kwenda. Ndani ya pipa tulipiga mstari mwekundu juu kidogo ya bomba la juu. Maji yakishuka chini ya mstari huo, mzunguko unakatika, na la nje linaweza kukauka juu ya moto. Maji machafu yalitokea chini kwa mpira hadi kwenye shimo tulilolijaza mchanga na mkaa, mbali na kisima cha jirani.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Mke wangu aliwasha mkaa nje. Mimi nilikuwa ndani, naisikia miali ikitatarika upande wa pili wa ukuta, jasho linanitoka katika baridi ile. Nikangoja. Nje maji yakaanza kuchemka, ndani yalibaki ya kunywa. Jirani alikuwa ameyaweka mabomba yote mawili chini, kimo kimoja. Nililaani ukoo wake wote. Kisha, kwa vile mikono ilikuwa kwapani, nikavua kiatu nikawachorea mchangani kwa dole gumba la mguu: hapa juu, hapa chini. Jirani aliuangalia mchoro wa mguu wangu, akakuna kichwa, akaenda kurekebisha.

Tulipowasha tena, mke wangu alimwaga sabuni ya unga kwenye pipa la ndani akakoroga kidogo, akaacha. Povu lilitulia. Halafu, pale penye mdomo wa bomba la juu, povu likaanza kusogea. Lilitembea taratibu kuvuka pipa, likafika upande wa pili, likaanza kujikusanya. Maji yalikuwa yanazunguka. Nilifurahi mno hata nikasahau kununa, nikacheka kwa sauti, na yeye akanitazama kwa namna ambayo alikuwa hajanitazama tangu nitoke hospitali.

Akadhani nitaanza kazi. Kusema kweli na mimi nilidhani hivyo. Lakini nilipoisogeza mikono kwenye ule mvuke, ilirudi yenyewe kwapani.

Basi akaosha yeye. Alikuwa ametengeneza kikapu cha waya chenye mkono mrefu, anaweka nati na boliti na cheni humo, anazamisha, anaacha ziloweke akihudumia wateja, anarudi na kuzisugua kwa brashi. Zilitoka safi, na zilikauka zenyewe mezani kabla hujamaliza kuzihesabu. Madereva waliokuwa wanakula kwake walianza kumletea vyuma vyao. Mafundi wa jirani walipita kuchungulia na kucheka.

"Mama, leo supu ni ya spana?"

"Njoo na bakuli," alijibu.

Mimi nilikaa mlangoni nikimkosoa. Anasugua vibaya, amesahau kupaka mafuta, amechanganya boliti za watu. Mdomo wangu ulifanya kazi kama kawaida. Vidole havikufanya. Asubuhi moja nilijaribu kunyoosha kidole kidogo cha mkono wa kulia, kikagoma. Nilikivuta kwa mkono mwingine, kikarudi kukunjika. Sikumwambia. Lakini alikuwa ananilisha kwa kijiko mara zote hizo akiitazama mikono yangu, na mimi nilijidanganya kuwa anaangalia kijiko.

Katika sanduku langu la spana kulikuwa na kitu kimoja kisicho spana. Ni ganda la pampu ya dizeli, la alumini nyeupe, nililopewa na mzee aliyenifundisha ufundi. Yeye hakuwa na cheti cha kumpa mtu. Ukihitimu mikononi mwake alikupa kitu kutoka kwenye injini yake ya kwanza, na mimi alinipa ganda lile. Nililifunga kwa kitambaa cha flana na sikuwahi kulifunga kwenye gari la mtu yeyote. Nilipokuwa na hasira nililitoa nikalipangusa tu, nikalirudisha.

Mchana huo nilikuwa kwenye kiti changu mlangoni. Mke wangu aliingia na ndoo, akaimimina yote kwenye pipa, na kwa harufu nikajua ni maji ya majivu, makali, yale ya mboga. Alishawahi kuyaongeza kidogo kwa ajili ya chuma kilichoganda grisi, sikushangaa. Kisha nikamwona ameshika kitu cheupe.

"Hicho nini?"

"Lile dude lako la kwenye kitambaa. Lina uchafu."

Akalitumbukiza. Bila kikapu. Lilizama mpaka chini, naye akapangusa mikono kwa khanga na kuelekea kwenye mboga zake.

"Litoe!" nilisema.

"Nakuja, nageuza mboga."

"Mama, litoe! Maji ya majivu yanakula alumini!"

"Nakuja, nimesema."

Nilisimama pale mlangoni. Kutoka chini ya pipa vilianza kupanda vipovu vidogo vidogo, mistari myembamba ya vipovu, na nilijua ni nini. Lilikuwa linaliwa. Mkono wa mzee yule ulilishika ganda lile kabla yangu, na lilikuwa linaliwa mbele ya macho yangu na mwanamke asiyejua tofauti ya chuma na alumini, anageuza mboga.

Nilikwenda. Sikumbuki kuvuka banda. Nakumbuka mikono yote miwili ikiingia hadi viwikoni, na vidole vikitafuta chini gizani, vikalipata ganda, vikafumba. Nikalitoa. Limekwisha kuwa jeusi kidogo upande mmoja, kama lililopigwa moshi. Mke wangu alikuwa amesimama pembeni yangu na beseni la maji safi.

"Weka hapa," alisema.

Nilisuuza ganda, nikasuuza mikono, na hapo nikaanza kusema. Nilisema mchana kutwa. Nilimwambia alumini na majivu havikai pamoja, chuma ndicho kinachovumilia, alumini ni ya sabuni peke yake, na mtu asiyejua vyuma aulize. Nilisema kazi hii si ya kupika. Nilisema hata moto wenyewe ameshindwa kuutunza, maji yenyewe vuguvugu, yatamsafisha nani. Nikiwa nasema nikaomba brashi, akanipa, nikaanza kulisugua lile doa jeusi. Likafifia. Nikaona pale mezani kuna boliti za dereva wa Kitwe zilizosuguliwa nusunusu, nikazichukua na zenyewe, maana siwezi kuona kazi mbaya. Yeye alinipa mgongo kule nje akikoroga chungu chake, na mabega yakimtikisika. Nikafikiri nimemliza. Nikapunguza sauti.

Jua lilikuwa linazama nilipogundua kwamba mikono yangu haiko kwapani.

Kidole kile kidogo hakikunyooka kabisa mpaka leo, kina mkunjo kidogo, kinanifaa kushikia kikombe. Vingine vyote vilirudi. Nilijenga pipa dogo la pili, la sabuni tupu kwa ajili ya alumini, na la majivu likabaki la chuma. Petroli haikuingia tena kwenye banda lile, wala jiko, na kila fundi kijana aliyekuja na jiko lake asubuhi nilimfukuza nalo nje kwa matusi kabla hajasalimia. Waliniita mzee mkorofi. Sikujali.

Watu waliacha kuniita jina langu, nikawa Fundi Bafu. Dereva akitokea Lusaka anauliza kwenye foleni, "Kwa Bafu ni wapi?" na mtoto yeyote anamwelekeza. "Mwashibukeni, mukwai," walisalimia kwa Kibemba wakiingia, na kabla ya kueleza gari lina nini walikwenda moja kwa moja kusimama karibu na pipa, kwa lile joto. Mafundi waliotucheka walikuja na vyuma vyao kila asubuhi ya baridi, na wengine nina hakika walileta vyuma ambavyo havikuwa na uchafu wowote. Tulisimama kulizunguka lile pipa mikono ikiwa ndani hadi vifundoni, tunasugua na kuzungumza, mvuke unatupanda usoni, redio inasema mambo ya bei, nje mke wangu anawatania madereva. Nimekaa mahali pengi tangu wakati ule. Sijapata tena mahali nilipofurahi kuamka kama pale, na nikisikia harufu ya sabuni ya unga penye baridi, moyo unarudi Tunduma wenyewe bila kuniomba ruhusa.

Halafu mambo yakabadilika kama yanavyobadilika. Malori yalianza kuja na injini zinazofunguliwa na kompyuta. Mji ukajaa, uwanja wetu ukazungukwa na maduka ya simu. Tulihamia Nanyala, kando ya barabara kuu, mahali pa watu wazima. Pipa la nje lilishaoza chini. La ndani nilikuja nalo, na mke wangu amelijaza udongo akapanda vitunguu.

Siku moja hapo Nanyala, miaka michache tu baada ya kuhama, mkwe wetu, mke wa mwanetu, alikuja kutusalimu, akataka kumsaidia mama mkwe wake kupika. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu na redio. Mke wangu amechuja maji yake ya majivu, na yule binti, mtoto wa mjini, akayamimina kwenye sufuria.

"We! Toa hapo!" mke wangu alimaka. "Unataka kuniulia sufuria? Majivu yanakula alumini. Leta chungu."

Nilizima redio.

"Mama," nilisema, "hayo ya majivu na alumini uliyajua lini?"

"Tangu nikiwa msichana. Bibi alinichapa kwa ajili ya sufuria moja. Nani asiyejua?"

Akaendelea kuhamisha maji kwenye chungu. Mimi nilikuwa nakiona kile chungu cha Wakisi kana kwamba sijawahi kukiona, na miaka yote kilikuwa mbele yangu.

"Na siku ile ya ganda langu?"

Akakiweka chungu juu ya mafiga, akasukuma kuni, ndipo akasema, bila kunitazama, "Umechelewa kuuliza."

"Maji yalikuwa vuguvugu."

"Niliutoa mkaa tangu asubuhi. Nilikuwa naingiza kiwiko changu kila mara, kama ninayemwogesha kichanga."

"Mbona ganda lile?" nilisema. "Mbona usitafute kitu kingine?"

"Nilitafuta kitu unachokipenda kuliko unavyouogopa moto," alisema. "Kwanza nilifikiria nijimwagie maji ya moto mimi mwenyewe, nipige kelele. Halafu nikakutazama pale kwenye kiti chako, na ule ubishi wako, nikaona sina hakika kama utainuka."

Mkwe alicheka mpaka akashika tumbo. Mke wangu pia alicheka, mabega yakimtikisika vilevile kama siku ile. Mimi sikucheka.

"Ningeinuka," nilisema.

"Eeh."

"Ningeinuka, mama."

Akakoroga mboga, akaonja, akaweka mwiko pembeni. "Haya, inuka basi uniepulie. Zimeiva."

Niliinuka. Nilipiga magoti mbele ya mafiga, kuni zikiwaka karibu kabisa na uso wangu, nikakishika chungu kwa vitambaa viwili, nikakiepua na kukiweka miguuni pake.